Kiu ya Selemani

Kota za polisi, huku Ziwani
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpendwa, Mama Ahmadi,

Shikamoo. Ipokee kama vile niko hapo mlangoni kwako nimepiga goti, nawe unaniitikia marahaba huku mikono ikiendelea kupepeta. Kifua kinaendeleaje? Na baridi ya huko juu? Najua mwezi huu ukungu wa Newala hauondoki mapema, na najua wewe hukubali kuvaa sweta mpaka jua limeshatoka, wakati sweta halina kazi tena. Sisi huku tunaendelea vizuri. Zuhura anasoma, amerefuka, na akikasirika ananyanyua nyusi moja tu kama marehemu baba yake, mpaka najikuta namsamehe kabla sijamgombeza. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haikai.

Naomba barua hii isomwe na wifi yangu Mwanahawa, ndani, mlango umerudishwa, na Selemani awe ameshakwenda shamba. Anayeileta ni Halima, askari mwenzake Ahmadi, amehamishiwa Masasi na ameahidi kupanda mpaka Newala kuikabidhi mkononi mwako. Usishangae kwamba nimeandika wakati simu zipo. Simu yako siku hizi anaishika Selemani, ndiye anayeichaji na ndiye anayepokea, na ninayotaka kusema yanamhusu yeye.

Tulipozungumza Alhamisi ulikuwa na furaha. Nilifurahi, maana tangu tumzike Ahmadi sikuwa nimekisikia kicheko chako. Ulisema, "Shemejio huyu mwanajeshi amekuja likizo kutumalizia maji! Kisima cha mvua kimeshuka kama tumefuga ng'ombe." Ukasema ni vumbi la salfa, kwa sababu kutwa yuko na mashine anapulizia mikorosho. Halafu ukasema kwa fahari kwamba kitambi kimekwisha, suruali zinamvuka, amekuwa kijana kama siku ile alipotoka mafunzoni. Nikacheka pamoja nawe, nikaaga, nikaiweka simu juu ya gunia la unga. Toka hapo sijatulia.

Nimeunguza chapati siku mbili mfululizo, mimi ambaye askari wa hapa wananiita fundi. Juzi nilikwenda dukani kununua chumvi nikarudi na kiberiti. Hata sasa naandika nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya kantini ninapowapikia askari, naandika mstari, nainuka kutazama maharage, narudi. Ukiona mwandiko unabadilika ujue ni hivyo.

Mama, Ahmadi naye alianza hivi hivi. Alianza na kiu.

Wewe hukuiona, kwa sababu ilimwanzia huku. Tulipohamishiwa Ziwani alikuwa na kitambi kizuri, si unakumbuka alipokuja likizo ile ya mwisho, wazee wakamshika tumbo wakasema serikali inawalisha. Kisha ikaja kiu. Alikuwa anatoka lindoni anakuja moja kwa moja hapa kantini, hasemi habari za asubuhi, anachukua jagi. Hanywi kwa glasi. Jagi. Askari wenzake walifurahi sana. Afande Mwita, sajenti mmoja mnene wa huku huku, ndiye aliyekuwa anaongoza utani.

"Mwacheni Mmakonde anywe! Huyu ametoka nchi ambayo maji yanapimwa kama mafuta ya taa. Analipa miaka yote aliyokaa na kiu."

Ahmadi naye alikuwa anajibu. "Afande, hili ziwa lenu nitalikausha, halafu muone mtavua nini."

Tulicheka sote. Mama, ndivyo ilivyokuwa, ugonjwa ulikaa katikati yetu na sisi tukaupa jina la Newala. Mtu wa mahali pengine angeambiwa, bwana, kiu hii si ya kawaida, nenda hospitali. Ahmadi aliambiwa ni Mmakonde aliyefika kwenye maji.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mimi peke yangu nililiona. Alipokunywa aligeukia ukuta. Hata nyumbani, mimi na yeye tu, aligeuka. Siku moja nikamwuliza, mbona unajificha kama unakunywa pombe? Akasema, "Nikinywa sana namwona Mama amesimama na kata mkononi." Hakusema kwa ubaya. Alitabasamu.

Mimi mtoto wa Lisekese, huku chini Masasi, maji ya huko juu niliyajua siku nilipoletwa kwako bi harusi. Unakumbuka? Safari ilikuwa ya vumbi, nimekaa mkekani na kanga mpya inanikwaruza shingo, wazee wamejaa barazani, nikasema kwa sauti kabisa, "Naomba maji ya kunywa." Wazee wote wakanigeukia. Nikadhani nimemtukana mtu. Wewe ukainuka, ukaingia ndani, ukaniletea kikombe kidogo cha bati, nikanywa mpaka mwisho, na nadhani nilikigeuza kabisa kutazama kama kimebaki kitu. Ahmadi ndiye aliyenieleza baadaye, huku anacheka mpaka machozi. "Kwetu mgeni haombi maji. Anangoja apewe, na akipewa hamalizi. Wewe umeomba, umemaliza, na maji yenyewe yalikuwa ya Mama, yeye hakunywa mpaka jioni." Niliona aibu mwezi mzima. Wewe hukunisema hata mara moja.

Kwa hiyo sisemi kwamba ulimlea vibaya. Mtu aliyekuwa anashuka bondeni na kupanda ule mlima na ndoo kichwani ana haki ya kuwafundisha watoto wake kuvumilia kiu. Nasema tu kwamba mliwafundisha vizuri mno. Wanaweza kuificha.

Nimekwenda kuepua maharage. Nimerudi.

Baada ya kiu kulikuja kukonda. Mkanda wake wa kazi ulikuwa umefika tundu la mwisho, akaanza kurudi nyuma, tundu kwa tundu, mpaka akachukua msumari akatoboa mapya. Mkuu wake alimsifu mbele ya guaride, akawaambia wenye vitambi wamtazame Koplo Ahmadi, huyo ndiye askari. Alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kama ameongezewa cheo. Nikampikia kuku. Tulimsherehekea ugonjwa, Mama.

Halafu yakaja yale mabuti mapya. Kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja, guaride likafanyiwa mazoezi wiki nzima. Yalimchubua kisigino na yeye hakusikia. Watu walidhani ni uvumilivu. Daktari alinieleza baadaye kwamba sukari ilikuwa imeshaharibu mishipa ya miguu, miguu ikafa ganzi, mtu anaweza kutembea juu ya kidonda kama anatembea juu ya godoro. Niliona damu kwenye soksi ndiyo nikajua. Alisema ni kalengelenge tu. Kidonda kikaoza, na yaliyofuata unayajua, tulikuletea mwili wake nyumbani.

Sasa nitasema neno ambalo msibani sikupata nafasi ya kulisema, maana nilikuwa edani, na mwenye eda anasikiliza. Watu walisema Ahmadi amekanyaga kitu. Kwamba kuna mwenzake alitaka cheo akamtegea. Nilisikia kupitia ukutani, na nikaona unavyolishika neno hilo, kwa sababu mwanao akiuawa na mtu angalau kuna mtu wa kumkasirikia. Mama, hakukanyaga kitu. Ni sukari. Nilikuwepo daktari alipopima, nilimwona anavyokunja uso akitazama kile kimashine. Alikaa na ugonjwa huo muda mrefu akidhani ni afya.

Labda utauliza, askari anapataje ugonjwa wa watu wakubwa wa kukaa ofisini? Hata mimi niliuliza. Sasa nawapikia na ninawaona. Chuoni wanakimbizwa alfajiri, wanakula ugali mlima, na ugali unakwisha mwilini. Wakitoka chuoni mbio zinabaki kule, ugali wanakuja nao. Hapa mtu anakaa lindoni usiku kucha na soda, asubuhi chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama, mchana amelala, jioni ameketi nyuma ya gari la doria. Na tumbo likitoka hakuna anayeogopa. Wanasema kitambi ni cheo kinachotangulia. Selemani jeshini si tofauti, ameshaacha kuruka vizuizi, siku hizi ni mtu wa stoo.

Baada ya Ahmadi, mkuu wa kituo aliwaita manesi waje wapime wote. Walipanga meza hapa hapa kwenye banda langu. Ungekuwepo ungecheka. Watu wazima na kombati zao, ghafla huyu ana kesi mahakamani, yule amesahau funguo, mwingine anasema damu yake ni kidogo. Halima, huyo anayekuletea barua, alisimama mlangoni akapaza sauti: "Kazi tunayo! Wezi wanawakimbia polisi, polisi wanamkimbia nesi!" Wakarudi kwa aibu.

Afande Mwita alikaa kitini akajipiga tumbo. "Sista, hiki ni cheo, hakipimwi."

Nesi akamwambia, "Afande, mimi natoboa kidole tu, cheo sitakigusa."

Alikutwa nayo. Sukari na presha vyote. Aliinuka, akaja pale nilipokuwa naosha vikombe, akaanza kunipangia kimoja kimoja. Mwisho akasema, "Shemeji, lile jagi. Mimi ndiye niliyekuwa namchekesha." Nikamwambia tulicheka wote, Afande, kaa nikupe uji. Akaniuliza, una sukari? Nikasema hauna. Akaunywa hivyo hivyo, amekunja uso kama mtoto. Mpaka leo yupo kazini, anameza dawa zake, jioni anatembea mpaka ziwani na kurudi. Hakufukuzwa. Wamemtoa kwenye malindo ya usiku, basi.

Na mimi nimefanya mbinu moja, nimeitoa kwenu. Mabakuli ya sukari nimeyaondoa mezani. Anayetaka aniombe mbele ya watu. Basi wanaona haya, wanakunywa chai kama ilivyo. Nilipofanya hivyo nilikukumbuka sana.

Sasa Selemani. Ijumaa nilimpigia mwenyewe, maana sikulala. Unajua mimi na yeye ni mtu na shemejiye, hatujawahi kuzungumza jambo bila mzaha toka siku ya harusi. Nikamwuliza miguu yako ikoje.

"Miguu yangu ya nini, Shemeji? Unataka kuninunulia viatu au unataka kunirithi?"

Nikamwambia nasema kweli, nenda kapime sukari.

"Shemeji, wewe tangu ufiwe unaona sukari hata kwenye chungu cha chumvi."

Nikamwambia, Selemani, kaka yako alianza na kiu. Hapo mzaha ulikatika kidogo, nikamsikia anahema. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Jina langu limeshapelekwa kozi. Wakinikuta na kitu sasa hivi, nitazeeka nahesabu mablanketi. Acha nimalize kozi kwanza." Nikamwuliza, kwa hiyo unajua? Akasema, "Najua nini? Najua nina kiu, kwa sababu nameza salfa." Akacheka tena, akasema nimsalimie Zuhura, akakata.

Mama, hilo la kuhema ndilo linaloniamsha. Mtu ambaye hana wasiwasi hahemi vile.

Sijui taratibu za jeshi, siwezi kukuahidi kwamba kozi haitamponyoka. Huenda ikamponyoka. Ninachojua ni kwamba Afande Mwita yupo, na Ahmadi hayupo, na tofauti yao ni kidole kimoja kutobolewa mapema.

Mimi hawezi kunisikiliza, mimi ni shemeji, kila nikisemacho ni utani. Wewe ukimwambia atakukumbatia, atakwambia "Mama usijali," na utaamini kwa sababu unataka kuamini. Kwa desturi yenu kuna mtu mmoja tu ambaye Selemani hawezi kumwambia hapana, ni Mjomba Hashimu. Ahmadi aliwahi kuniambia, mkuu wa kikosi akimwita Selemani anakwenda, Mjomba akimwita anakwenda mbio. Kwa hiyo ninakuomba, wifi akimaliza kusoma, jifunge kanga uende kwa Mjomba, usimtume mtoto. Mwambie yote.

Na ninaomba Mjomba asimwambie Selemani kwamba anapelekwa yeye. Amwambie, "Mjomba wako naumwa, nisindikize Ndanda hospitalini." Huo hautakuwa uongo, kwa sababu Mjomba mwenyewe ganzi za vidole analalamika toka mwaka juzi na hajaenda popote, na naye apimwe kweli. Washuke wote wawili mpaka Masasi, wapande gari la Ndanda asubuhi, wasinywe chai njiani. Wakifika kwa nesi, Mjomba atoe kidole chake kwanza. Akishatobolewa, amtazame tu mpwa wake aseme, "Na wewe." Mbele ya manesi, mbele ya watu kwenye foleni, nataka kuona mwanajeshi gani atamkatalia mjomba wake.

Wafanye hivyo wiki hii hii. Likizo yake ikiisha atarudi kambini, na huko hakuna mjomba.

Wakati wanajiandaa, tafadhali usimbanie maji. Najua kisima kimeshuka na mvua ziko mbali. Nimempa Halima kitu kidogo cha kununulia maji ya gari, mwite mwenye boza ajaze. Usimwambie Selemani kwa nini. Na mtazame miguu akiwa amelala mchana, kisigino na katikati ya vidole, kama ulivyokuwa unawatafuta funza walipokuwa wadogo. Akiamka mwambie ulikuwa unafukuza nzi.

Nisalimie Mjomba Hashimu, mwambie mkwe wake anampigia magoti kwa kazi hii. Nisalimie wifi Mwanahawa, msomaji wetu, asilie anaposoma asije akakutia hofu. Msalimie fundi seremala jirani aliyetutengenezea ubao wa kaburi bila kuombwa, na mama muuza ming'oko, vile viazi vya porini, wa pale njia panda ambaye kila nikipita hunijazia kikapu. Wazazi wangu Lisekese nimewaandikia kivyao. Na Selemani mpe salamu zangu za kawaida, mwambie Shemeji anasema una sura kama ngozi ya bibo la mkorosho lililokauka. Akisikia salamu nyingine yoyote atashtuka.

Mimi mtoto wako,
Asha, Mama Zuhura

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, nimefungua tena. Ndani ya mfuko anaokuletea Halima kuna kikombe kidogo cha bati, pembeni kimebonyea. Utakitambua. Ni kile ulichoninyweshea siku ile ya harusi. Ahmadi alikibeba tulipohama, akasema ni kipimo cha kwetu, na katika maradhi yake yote alikuwa akimaliza jagi anakiosha hicho anakiweka kifudifudi dirishani, kama mtu aliyekunywa kikombe kimoja tu. Sijaweza kukitumia na sijaweza kukitupa, ndiyo nakirudisha kwenye nyumba yake. Ila Selemani usimpe maji kwa hicho. Mpe kwa kikubwa kuliko vyote ulivyo navyo, na akitaka kugeukia ukuta mwambie, "Geuka huku, mwanangu, nikuone unavyokunywa."